Mtunza Nota

Walinichagua mimi kwa sababu nauza stapla.
Hakuna aliyeuliza kama najua kupanga;
mwenyekiti alisema, "Nyanzala ana mashine ya fotokopi,"
makofi yakapigwa, kikao kikafungwa kwa sala.

Jumamosi urithi wangu ukaja Isevya kwa baiskeli:
maboksi mawili ya sabuni, ndoo moja ya asali
ambayo mfuniko wake bado unanata,
na gunia la tumbaku lililofungwa kwa kamba ya katani.
Ndani yake miaka ishirini na sita ya kwaya yetu,
na mchwa, ambao walianza na sauti ya pili.

Nikatandika mkeka nyuma ya duka, nikasema:
twende kwa alfabeti, kama shuleni.
A, nyimbo tatu.
B ni Bwana, Bwana, Bwana,
Bwana hamsini na moja, wakafika mlangoni.
E ni Ee, na Ee hazina mwisho.
Z ilikuwa na karatasi moja tu: risiti ya zege.

Nikavuruga, nikaanza upya kwa majira:
Majilio, Kwaresima, Pasaka, matoleo, mazishi.
Hapo karatasi zenyewe zikaanza kusema.
Za Pasaka zinakwaruza kidole kama noti mpya.
Za mazishi zimelainika kama khanga ya kubebea mtoto,
zina matone ya mvua, zina vumbi la makaburini,
pembe zimeliwa na vidole gumba.
Hizo nimeziweka juu, sikuzifunga kamba.
Pasaka hutoa taarifa. Msiba hubisha hodi saa tisa usiku,
na saa nne asubuhi watu wanataka sauti zote nne.

Sauti ya tatu hakuna anayerudisha.
Nimewaandika ukutani kama wadaiwa wa unga:
Mhoja, nakala mbili. Lugola, nne na bahasha yake.
Shija anaapa kwamba alirudisha,
lakini Jumanne nilinunua andazi kwa mkewe,
limefungwa kwa sauti ya tatu, ukurasa wa pili.

Chini kabisa ya gunia, wimbo wa kuaga.
Nakala ya Mihayo, mtunza aliyenitangulia,
besi ambayo madirisha ya kigango yanaijua.
Pembeni ameandika kwa penseli, herufi ndogo za karani wa reli:
Pumua.
Meza mate.
Mtazame mwalimu, si karatasi.
Na kwenye mstari wa tatu, pale sauti zinapoachana:
Kalunde, usinitangulie.

Alisimama mbele yake miaka yote, sauti ya pili,
mwanamke wa haraka; alimaliza kila ubeti
kisha akageuka kututazama, kama mtu aliyefika kisimani
na wenzake bado wako njiani na ndoo tupu.
Februari akatutangulia tena.
Tulimwimbia wimbo huuhuu.
Mihayo alishika karatasi mpaka mwisho, mdomo hakufungua,
na wiki ileile akaomba apumzishwe kazi ya gunia.

Nikachukua kifutio. Nikakirudisha.
Nitaamua baadaye, nikasema, umeme usije ukakatika;
nikalaza karatasi kwenye kioo, nikabonyeza arobaini.

Alhamisi, mazoezini,
Kalunde arobaini katika mikono arobaini.
Tulipofika mstari wa tatu kwaya nzima ikapunguza mwendo,
mwalimu hajainua hata kidole.
Nyuma, kwa mara ya kwanza tangu Februari, madirisha yakatetemeka.
Kijana mgeni kutoka chuo cha ualimu akaninong'oneza:
"Dada, hii Kalunde ni alama gani?"
Kabla sijapata jibu, Lugola, mdaiwa wangu, akamwinamia:
"Ya muziki. Ukiiona, usikimbie."

Nilizikusanya mwenyewe, nikazihesabu mara mbili.
Thelathini na tisa.
Ukutani sikuandika jina.